Tumbo Langu na Viatu vya Athmani

Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye simjui. Ni yule ambaye leo asubuhi ameshuka kitandani akakanyaga sakafu na hakujua kama ni baridi au la. Ulimi unamwaka akila embe, watu wanamsifu kwamba ametakata, na yeye mwenyewe hana nguvu hata ya kuwajibu. Kama ndiwe, kaa kitako usome. Mimi si daktari, na daktari aliyenitibu alinieleza mengi ambayo sikuyashika. Nitakueleza yaliyonipata, basi.

Kazi yangu ni kushona makubadhi, viatu vya wazi vya ngozi. Baba yangu alishona makubadhi, na duka langu la Kibokoni, chumba kimoja chini ya nyumba yetu chenye mlango wa kuelekea njiani, ndilo alilokalia yeye. Nakata ngozi, natoboa, nashona, napaka nta. Nilipokuwa mzima, mtu akiniwekea mguu wake mara moja tu, mwaka wa pili sikuwa na haja ya kumpima tena. Najisifu kidogo, lakini waulize watu wa mtaa. Mtu akipita mlangoni, kwa mlio wa hatua zake nilikuwa najua amevaa kazi yangu au kazi ya mtu mwingine.

Ugonjwa ulinianza wakati wa vita, mchele wa ng'ambo ulipokatika na mji mzima ukawa unakula mahindi na kunung'unika. Kwa hiyo nilipokosa hamu ya kula hakuna aliyeshangaa, maana nani alikuwa nayo? Kisha ukaja ulimi. Ulianza kuniwasha pembeni, halafu ukawa mwekundu, laini, unang'aa, na vile vipele vidogo vya juu vikatoweka vyote. Nikaacha pilipili, nikaacha achari, nikaacha ndimu. Mke wangu Rukia aliudhika sana. Achari yake husifiwa na watu ambao hawajapata hata kumwona uso.

"Kwani n'natia sumu?" aliniuliza.

"Ulimi waniwasha, Mama Zainabu."

"Mbona kwa dadako haukukuwasha siku ya idi? Ulikula ukalamba vidole."

Zainabu ni binti yetu, ameolewa Malindi. Nyumbani tulikuwa sisi wawili tu, na mtu akikasirika hakuna wa tatu wa kusuluhisha. Tulikula kimya siku nyingi.

Kisha nikawa mweupe. Haukuwa weupe wa afya, ulikuwa na umanjano ndani yake, kama ganda la ndimu iliyokaa siku nyingi kapuni. Lakini unajua mji wetu na mambo ya rangi. Watu walinisimamisha njiani kunipongeza. "Fundi, umetakata. Mama Zainabu akulisha nini?" Nilicheka nao. Halafu nikifika nyumbani, kwenye ngazi ya kupandia juu, nakaa katikati nipumue, kisha ndio nimalizie. Rukia peke yake ndiye hakuupenda ule weupe. Alisema ni safura, ugonjwa wa kukosa damu, akanichemshia majani machungu, akaninywesha haluli ya kusafisha tumbo. Haluli ilisafisha hata kile kidogo kilichokuwamo.

Ganzi nayo ilinijia polepole, ikianzia vidoleni mwa miguu. Unajua ukikalia mguu ukafa ganzi, ukiinuka unasubiri urudi. Mimi nilisubiri, haukurudi. Nikawa natembea na soksi nene ambazo sikuzivaa. Nikitawadha birikani msikitini, nikifumba macho kunawa uso, nayumba, mara moja nusura nitumbukie. Tangu hapo nikawa nanawa uso macho wazi, maji yakiniingia. Vidole vya mikono vikafuata. Ngozi nilizoshona siku zile zilikuwa na madoa ya damu, na sikujua yanatoka wapi mpaka nilipoviangalia vidole vyangu vilivyochomwa na sindano. Nikayafunika madoa kwa nta nikaendelea.

Sikumwambia mtu. Nadhani ganzi ilikuwa imefika mpaka mahali pa kuamulia mambo.

Sasa nifike kwenye viatu.

Ilikuwa Ijumaa, kaskazi imekaza, jua kali. Tulipotoka kuswali nikavaa viatu vyangu kwenye msongamano wa mlangoni, nikarudi dukani, nikakaa kazini. Haukupita muda nikasikia watu njiani. Mbele yao alikuwa Athmani, mwenye bucha ya nyama katika soko la Marikiti. Ni mtu mnene, sauti yake huisikia kabla hujamwona, na siku ile alikuwa anatembea pekupeku juu ya mawe yanayochoma, kanzu kaikunja mkononi. Nyuma yake wamekuja wasiokuwa na kazi, kutazama.

"Fundi," alisema, "vyatu vyangu wavitakani?"

"Vyatu gani?"

"Hivyo ulivyovaa."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimevaa viatu vyake. Nilimshonea mwenyewe, najua upana wa nyayo zake, na pale miguu yangu ilikuwa imepotea ndani yake, nyuma kumebaki nafasi ya vidole viwili. Mafuta ya nyama yalikuwa yameingia kwenye ngozi mpaka ikawa nyeusi. Tena nilikuwa nimevivaa kinyume, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Nimetembea navyo kutoka msikitini mpaka dukani hivyo hivyo.

Mmoja nyuma akasema, "Bwana huyu kagundua biashara. Avishona, avichukua mlangoni, kisha avishona upya aviuza." Watu wakacheka.

Mahali pengine huenda ni jambo dogo. Kwetu, mwizi wa viatu vya mlangoni mwa msikiti hana mwizi wa chini yake. Na mwizi mwenyewe awe fundi wa viatu! Nilivivua nikampa Athmani. Aibu sikuipata sawasawa, niliisikia kwa mbali, kama ugomvi wa nyumba ya jirani. Hilo ndilo lililonitisha, kwa kadiri nilivyoweza kutishika.

Rukia alikuwa ameyasikia yote kutoka dirisha la juu. Hakucheka wala hakunigombeza. Aliniketisha kwenye kigoda, akauweka mguu wangu mapajani pake, akaugeuza unyayo juu. Kisha akaniambia nimpe koleo. Kwenye unyayo huo wa kushoto mlikuwa na msumari mdogo wa shaba, ule wa kupigilia soli, umezama mpaka kichwani, na damu imekaukia pembeni. Aliuchomoa.

"Yauma?"

"La."

"Na hapa?" Alikuwa ananifinya kwa kucha.

"La."

Akapanda na kucha zake hivyo hivyo, kifundo, muundi, na mimi najibu la, la, mpaka alipofika chini ya goti ndipo nikamwambia nahisi kidogo. Akaliweka koleo chini akalia. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimemwona akilia kwa ajili yangu. Asubuhi tulikwenda hospitali.

Sitakuficha, hospitali ni kungoja. Ukienda na haraka utaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Kulikuwa na benchi refu la mbao, ukuta uliopakwa chokaa ya kijani nusu, na mlango ambao kila ukifunguka watu wote huinua vichwa. Chukua kitu cha kushika mkononi. Mimi nilichukua kamba ya ngozi nikawa naisokota na kuisokotoa, ili nivione vidole vyangu vinafanya kazi, maana kuvihisi sikuvihisi.

Pale benchini nilijuana na Yosefu. Alikuwa karani wa reli, Mkristo kutoka bara, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Mkono mmoja ulikuwa tumboni daima, na mfukoni alikuwa na chupa ya maziwa. Yeye tumbo lake lilikuwa linamla. Ndivyo alivyosema, "Linanila, mzee. Nisipolipa chakula linaanza kunila mimi." Nilimwambia langu halili kitu. Akacheka, akashika tumbo, akaacha kucheka.

Siku moja tuliitwa pamoja. Tulikuwa tumeambiwa tuje bila kula. Wakatumezesha mpira mwembamba, mrefu, na muuguzi akawa anasema meza, meza, meza. Machozi yanatoka yenyewe, koo linakataa, kisha mpira unapita na unabaki umekaa, ncha yake inatokea mdomoni, huwezi kuzungumza wala kumeza mate vizuri. Halafu tukapewa uji mwepesi usio chumvi wala sukari. Kila baada ya muda muuguzi anakuja na bomba, anavuta kidogo kilichomo tumboni, anakitia kwenye vichupa. Tukakaa hivyo, mimi na Yosefu, uso kwa uso, kila mtu na mpira wake, asubuhi yote. Kama unakwenda kufanyiwa, pumua kwa pua na tazama kitu kimoja. Mimi nilitazama vifungo vya shati la Yosefu.

Muuguzi alikuwa na vikaratasi vya samawati. Alichovya kimoja kwenye kichupa cha Yosefu, kikageuka chekundu papo hapo. Akachovya kingine kwenye changu. Kikabaki samawati. Akachukua kingine, na kichupa cha pili, na cha tatu. Samawati. Alinitazama kama nimemfanyia hila.

Daktari alikuwa Mhindi, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Alinichorea kwa kalamu mfuko wa tumbo. Akasema ngozi ya ndani ya mfuko ule imejaa chembe ndogo mno, na kazi yake ni kutoa maji makali ya kuyeyushia chakula. Zangu zimekauka, ndiyo maana kikaratasi hakikugeuka. Pamoja na maji yale hutoka kitu kingine, ambacho bado hakuna aliyekiona, lakini kikikosekana mtu hukosa damu, na baadaye hukosa miguu.

"Watu wenye ugonjwa huu zamani walikuwa wakifa tu," alisema.

"Na sasa?"

"Sasa wanakula ini."

Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa mtu wa mzaha. Kulikuwa na sindano zilizotengenezwa kwa ini, lakini vita vilikuwa vimezifanya adimu, alikuwa nazo chache na angenipa alizoweza. Zaidi ya hapo, kila siku nile ini la ng'ombe kipande cha kujaa kiganja, lililooneshwa moto tu, karibu bichi. Likiiva sana, faida yake inapotea.

Nikamuuliza kuhusu miguu. Akafunika kalamu yake. "Damu itarudi, hilo nakuahidi. Miguu sikuahidi. Ukiendelea kuchelewa hutatembea, na mikono itafuata miguu. Wewe unafanya kazi gani?"

Nilipomwambia, akaitazama mikono yangu.

Nje benchini Yosefu alikuwa ananingoja. Nilimweleza. Akafikiri, akasema, "Mzee, wangetuunganisha tu na ule mpira. Mimi nakupa ya kwangu, nusu yatosha." Nakumbuka hilo ndilo neno pekee lililonichekesha mwaka ule.

Sindano za kwanza nilichomwa mfululizo, dawa nzito ya rangi ya kahawia, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuwa na ganzi. Kisha zikaisha. Likabaki ini. Na ini liko kwa wenye bucha, na nyama nyingi siku zile ilikwenda kwa askari, na mwenye bucha niliyemzoea ndiye yule aliyenivulisha viatu mbele ya watu. Nilimwambia Rukia sikanyagi Marikiti. Hakubishana. Rukia, ambaye tangu nimuoe hajawahi kwenda sokoni, kwani sokoni huenda wanaume, alivaa buibui lake akaenda mwenyewe mpaka kwenye meza ya Athmani. Alichomwambia mpaka leo hajanieleza.

Kesho yake asubuhi Athmani alisimama mlangoni mwa duka, kafunga kitu kwenye jani la mgomba.

"Sabalkheri, fundi."

"Sabalkheri. Waambaje?"

"Mkeo aniambia nyayo zako zimekufa. Hebu leta mguu nione."

Alikaa chini, mwili wote ule, akanishika kidole gumba cha mguu akakiminya kwa mkono unaovunja mifupa ya ng'ombe. Akanitazama usoni. Mimi namtazama yeye. Akaminya tena. Kisha akauachia mguu taratibu kama ni kitu cha kuvunjika.

"Basi siku ile mimi ndimi niliyekuwa mjinga," alisema. Akaliweka lile jani mezani akatoka, na jioni barazani, kwa sauti ile ile aliyonidaia viatu, aliwaambia watu fundi si mwizi, fundi ni mgonjwa, na atakayerudia neno lile asije kwake kutaka nyama. Tangu siku hiyo ini halikukosekana. Lililetwa na Athmani mwenyewe, kabla ya kufungua bucha.

Lakini kuletewa ni jambo moja na kula ni jingine. Ini bichi lina utelezi na harufu ya chuma. Siku za mwanzo nilikuwa namwomba Rukia ageuke asinione, namega, nameza, na linarudi. Nilitapika kwenye beseni, kwenye ua, mara moja kwenye ngozi niliyokwisha kuikata. Mwisho nikakataa. Nilikwenda kwa daktari nikamwambia ini limenishinda.

Akafungua kabati, akatoa kopo. Hakulisogeza kwangu. "Hii ni dawa pia. Ni unga wa tumbo la mnyama lililokaushwa. Kile ambacho tumbo lako halitoi, kimo humu. Lakini ni tumbo la nguruwe. Mimi pia ni Mwislamu, ndiyo maana nakwambia kabla hujaonja. Nenda ukafikiri."

Nilirudi na kopo lile kwapani, nimelifunga kwa kitambaa. Rukia alipojua ni nini, hakuruhusu livuke kizingiti. Likakaa kwenye tundu la ukuta wa ua, upande wa nje. Nilikuwa na hoja yangu tayari, nimeitengeneza njia nzima: aliyekosa chakula akaogopa kufa ameruhusiwa hata mzoga, seuze mgonjwa.

Rukia alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Hayo kweli. Ukikosa, yahalalika, na mimi n'takukorogea kwa mkono wangu huu. Lakini sasa niambie, Baba Zainabu. Ini limekushinda, au hulitaki?"

Niligeuza macho kwenye ule ukuta wa ua.

"Kwa sababu Athmani akuletea kila siku. Wewe hujakosa. Wewe umechoka tu."

Nilimkasirikia mno. Nilimwambia yeye ana miguu yake. Nilimwambia amekwisha kunichukulia kazi yangu, sasa anataka na roho yangu. Maana siku hizo alikuwa anashona makubadhi ya wanawake katika chumba cha ndani, ili duka lisife, na mimi nilikuwa nakaa mbele nikiuza kazi ya mkono wake na kusema ni yangu. Yalinitoka maneno mabaya. Aliinuka akaenda jikoni.

Aliporudi alikuwa na sahani mbili. Alikuwa amelikwaruza ini kwa kijiko mpaka likawa kama uji, nyuzi zote zimebaki ubaoni, akalipitisha kwenye mvuke, akalichanganya na ndizi mbivu iliyopondwa. Akaniwekea sahani yangu, akajiwekea yake. Rukia hali ini hata la kukaanga. Akapiga bismillahi, akatia kijiko cha kwanza kinywani, akameza huku ananitazama, macho yamejaa maji.

"Haya," alisema. "Wewe sasa."

Nilikula, na halikurudi. Kopo nililirudisha kwa daktari halijafunguliwa, akalipokea bila kuuliza. Kama wewe huna ini, au limekushinda kweli kweli, fanya utakaloambiwa na daktari wako na mwenye elimu ya dini yako. Sikuhukumu. Nakueleza tu kwamba mimi nilikuwa sijafika huko, na aliyeliona hilo ni mke wangu.

Ikaingia Ramadhani. Daktari alinikataza kufunga. Mchana, mlango wa ndani umefungwa, Rukia aliyefunga alinikwaruzia ini ambalo harufu yake ilimtia kichefuchefu, akakaa mbali kidogo mpaka nimalize, akaosha sahani. Nilimwambia nitajifanyia mwenyewe. Akasema kwa vidole vile nitajikwaruza mkono. Alisema kweli. Nilikula Ramadhani nzima bila kuinua macho.

Kilichorudi kwanza, kabla hata ya Ramadhani hiyo, ni chumvi. Siku moja, mvua za masika zimeshika, niliweka mchuzi mdomoni nikasema umezidi chumvi. Rukia akaweka upawa chini, akasema alhamdulillahi, na hakujali kulaumiwa. Kisha ngazi, nikawa napanda bila kukaa. Kisha midomo ikapata rangi, na uso. Basi watu wakaanza tena kunisimamisha njiani. "Fundi, vipi? Mbona umesawijika hivyo? Ulikuwa umetakata." Rukia akiyasikia hayo dirishani alikuwa akicheka peke yake.

Sindano zikapatikana tena kusi lilipoingia, nikawa nakwenda hospitali mara kwa mara, benchi lile lile. Yosefu sikumwona. Nilimuuliza muuguzi, akasema hali yake ilizidi, alipelekwa Nairobi kupasuliwa. Zaidi ya hapo hakujua. Mimi pia sikujua, na sijajua mpaka leo. Nilisikitika, lakini kwa uchovu, kama nilivyofanya kila kitu wakati ule. Nilikaa mahali pake pa benchi, na sindano ikaisha, nikarudi nyumbani.

Miguu ilikuwa bado. Nilirudi msikitini kwa fimbo. Ijumaa ya kwanza nilitoka, nikavaa, nikashika njia, nikasikia sauti nyuma: "Fundi, wenda wapi na vyatu vyangu?"

Nilihisi damu yote niliyoirudisha inashuka. Nikageuka. Athmani alikuwa amesimama pale, ameshika viatu vyangu mkononi, anatabasamu. Alikuwa ameniwekea vyake mahali pa vyangu makusudi.

"Ijumaa ijayo tena," alisema. "Na usitizame tini miguuni. Vaa uende."

Akafanya hivyo kila Ijumaa. Kusi likaisha, kaskazi ikaja, vita vikaisha, watu wakashangilia mitaani, na mimi bado natembea na viatu vya Athmani mpaka aniite. Watu walicheka, lakini kicheko hiki hakikuwa kile cha kwanza, wengine walinisukuma bega kwa huruma. Kuna siku nilichoka. Nilimwambia aache, kwamba daktari mwenyewe hakuahidi, kwamba mguu uliokufa hauzikwi mara mbili.

"N'taacha siku utakayonikamata," alisema, akaenda zake kwenye nyama yake.

Sikuwa na matumaini. Nakwambia hivi kwa sababu utasikia watu wanakuambia uwe na matumaini, utaona huna, utadhani umekosea. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa nakula ini na kuchomwa sindano kwa sababu ini lilikuwa mbele yangu na sindano ilikuwa siku yake.

Ikawa Ijumaa moja baada ya vuli. Nilitoka nikizungumza na jirani juu ya paa langu linalovuja. Nikaingiza mguu wa kulia. Nikasimama. Jirani akaendelea kusema juu ya mabati, watu wananipita, mtu akanikanyaga kanzu. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo dogo, mahali ambapo kidole cha mtu mzito hukandamiza ngozi miaka na miaka. Lilikuwa mbele mno. Kidole changu kilikuwa kimesimama ukingoni mwake.

"Athmani," nilisema. Sauti ilinitoka ndogo. "Hivi si vyangu."

Alikuwa ameegemea nguzo. Hakucheka. Alikuja mpaka karibu.

"Mguu upi umekwambia?"

"Wa kulia."

"Na wa kushoto?"

Niliingiza wa kushoto. Nikafumba macho, nikasubiri, na sikuyumba. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama kutazama. Nilisubiri sana.

"Huu hausemi kitu," nilimwambia, na hapo ndipo nilipolia, mlangoni mwa msikiti, mtu mzima, mbele za watu. Nililia kwa mguu mmoja uliorudi na kwa mwingine ambao haukurudi, na kwa sababu nilikuwa nimeweza kulia.

Athmani aliinama kwa taabu, akanivua vyake, akanivisha vyangu. "Huo tutaungoja," alisema.

Imepita miaka kadhaa. Mikono imepona, nashona. Rukia naye anaendelea na makubadhi ya wanawake, na mtu akiyasifu siku hizi namwambia ni kazi ya nani. Sindano nachomwa kila mwezi, na daktari amesema ni mpaka nitakapokufa. Mguu wa kulia unajua baridi, joto, mchanga, maji. Wa kushoto naukagua kwa macho kila jioni nisije nikalala na msumari.

Athmani alitimiza neno lake, hakunibadilishia tena viatu. Kimoja tu. Kila Ijumaa cha kulia nakikuta changu na cha kushoto ni chake, kipana, cheusi kwa mafuta. Sitazami chini. Navaa vyote viwili, naanza kwenda zangu, na nasikiliza kama ataniita.